UZI: Mwizi anaingiaje na grili mmeweka? Watu wa Malindi na Lamu tuongee

Fundi_Barani:
Salamu zenu wakuu, poleni na joto. Mimi ni fundi wa kuweldi, grili, mageti, milango ya chuma, niko Malindi huku Barani. Siku hizi simu nyingi nazopigiwa ni za watu walioibiwa usiku, kunakucha tu "fundi njoo sasa hivi nataka kitu kizito." Sasa kwa sababu mimi nafika mapema, wakati mwingine hata majirani bado wamejaa uwanjani wanatoa pole, naona kila kitu, kapitia wapi, kaanza kushika nini, wapi kamshinda akaacha. Na nawaambia ukweli wenu, mwizi wa huku kwetu havunji sana. Anavua.

Ndio, anavua kama vile mtu wa ndoana. Kaskazi hii kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu nani analala dirisha limefungwa? Hakuna. Dirisha wazi, pazia linapepea, feni inaunguruma juu, kitanda kimesukumwa mpaka chini ya dirisha ili upate kaupepo, simu iko chaji pale pale kwenye kizingiti cha dirisha, suruali imetundikwa kwenye kiti na mfukoni mna pochi na funguo. Yeye anakuja na fimbo ndefu ina ndoano ya waya kwenye ncha, wengine wanapaka ulimbo, anasimama nje kwa utulivu wake anachagua. Grili yako ya maua na mikuki iko pale pale haijaguswa. Na mbaya zaidi ni zile funguo, akishazivuta hizo anazunguka mlango wa mbele anafungua kama mwenye nyumba, mpaka polisi wanakuuliza mbona mlango hauna hata mkwaruzo, nani ana funguo zako, unaanza kumshuku dada wa kazi wa watu.

Kwa hivyo kabla hujanipigia mimi nije nikuuzie chuma, fanya hii ya bure. Chukua ule ufagio wa buibui wenye mpini mrefu, toka nje, pitisha mkono kwa dirisha uone unafika wapi. Chochote ambacho ufagio unakigusa hicho hesabu si chako usiku. Hamisha chaji ukuta wa mbali, funguo zisikae chumba chenye dirisha la nje kama inawezekana, na kitanda sogeza.

Halafu ukitaka kuongeza, weka waya wa kofitrei nyuma ya grili, ule mgumu wenye matundu madogo, upepo unapita na fimbo haipiti. Neti ya mbu peke yake usijidanganye, inapasuliwa na wembe hata husikii. Na wale wenye madirisha ya luva, vile vioo vinachomolewa kimoja kimoja vinapangwa chini vizuri, nimevikuta vimepangwa ukutani utadhani fundi wa vioo ndiye alikuja. Luva bila grili ni mlango.

Sasa tukija kwenye chuma yenyewe. Watu wanataka grili ya bei rahisi, fundi anakupa paipu ya mraba nyembamba, tupu ndani, imepakwa rangi nyeusi inang'aa. Mwizi anakuja na jeki ya gari, ile ya kawaida ya kupandishia tairi, anaitega katikati ya vyuma viwili, anazungusha pole pole, haina kelele, vyuma vinaachana. Ulizia nondo ya mraba iliyojaa, milimita 12, na nafasi kati ya chuma na chuma isizidi sentimita 10. Kichwa kikipita na mtu mwembamba anapita, na hawa vijana wanabeba hata mtoto wa kupitisha.

Jambo la pili ni pale grili inaposhikana na ukuta. Nyingine zimefungwa skrubu kwenye plasta tu, tena skrubu kichwa kiko nje! Anakuja na bisibisi anafungua. Grili inatakiwa iwe na miguu imeingia ndani ya ukuta, ncha zimepasuliwa kama mkia wa samaki, ikajengewa. Na ukuta wa mawe ya matumbawe unabomoka ukichimbwa vibaya kwa hivyo miguu iwe mirefu.

Tatu, chumvi. Sisi tuko baharini jamani. Chuma cha Nairobi kinakaa miaka, hapa ukiacha bila kupaka kinaanza kuliwa chini pale kinapoingia kwenye simiti, kwa sababu maji yanatuama pale. Kwa nje rangi iko sawa, ukiipiga teke inakatika. Kila mwaka kabla ya mvua za kusi kwangua, paka primeri ya kuzuia kutu, halafu rangi. Kufuli pia, nunua ya shaba, ya chuma tupu ikishika kutu wewe mwenyewe utaishia kuikata. Tia mafuta ya mashine, msitie mafuta ya kupikia, yanaganda na vumbi.

Mlango sasa. Ukiwa unafunguka kwa nje, bawaba ziko nje, pini inatolewa kwa msumari na nyundo na kufuli yako bado imefungwa vizuri kabisa. Mwambie fundi aweldi vichwa vya pini, kazi ya dakika chache. Na ile komeo ya kufuli, skrubu zisionekane mlango ukifungwa, weka bolti ipite mlango mzima na nati ikae ndani.

Nikomee hapo kwanza, semeni na nyinyi.

kijana_wa_muyeye:
Fundi umeongea. Lakini hii ya dawa mbona hukusema? Huku kwetu wanapuliza dawa nyumba nzima inalala mpaka asubuhi. Kwa jirani yetu wezi walihama na tivii, friji, mpaka mtungi wa gesi ukiwa juu ya jiko, na watu wanne wamelala ndani. Wengine wanasema ni mchanga wa kaburini unarushwa juu ya bati.

Fundi_Barani:
@kijana_wa_muyeye hehe nilijua itakuja hii. Mimi sibishani na mchanga wa mtu. Ila fikiria, hospitali dawa ya usingizi anasimama daktari maalum anakuchunga pumzi kila dakika kwa sababu kidogo ikizidi hauamki. Sasa mtu apulize kwa dirisha lililo wazi, upepo wa bahari unapita, na ilale nyumba nzima kipimo sawa baba na mtoto mchanga na hakuna aliyekufa? Kilichowalaza ni feni. Feni ikiwa kwenye namba ya mwisho husikii hata kiti kikivutwa. Na saa tisa za usiku mtu amechoka. Weka kitu cha kupiga kelele mlangoni, sufuria juu ya stuli ukipenda, uone kama hiyo dawa itafanya kazi.

Bi_Langoni:
Asalaam alaykum. Kaka fundi shukran, lakini hizo zako ni za nyumba za Malindi zenye uwanja. Sisi Amu, yaani Lamu, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, mwivi hana haja ya kuya na jeki, anapanda nyumba moja iliyo tupu, ya mgeni amefunga ameenda kwao Ulaya, akifika dari anatembea juu kwa juu nyumba tatu nne, anashuka kwako kwa ngazi ya kiwanda, yaani ua wa ndani, wewe ukidhani ni mtoto ameenda kunywa maji. Mlango wetu wa nje ni wa zamani, wa nakshi, ukitiwa komeo na kiwi, ule mti wa kukingia mlango, nyuma hata watu wanne hawausukumi. Lakini juu ni makuti! Sasa yule anayefunga chini mara tatu na juu kuko wazi afanyeje?

Na jambo la pili, dhahabu. Wanawake wenzangu mnielewe. Mtu ana kidani cha mamake, bangili, na hazitoki ila harusini. Nataka kujua mnaweka wapi, na msiniambie chini ya godoro.

Fundi_Barani:
Waalaykum salaam Bi Langoni. Umenifundisha, mimi Amu nakuja kwa kazi tu sijalala dari zenu. Kwa nilivyoona, mlango wa pale ngazi inapotokea darini ndio mlango wenu wa pili wa mbele, na kwa watu wengi ni kibao tu na ndoano. Huo upewe heshima sawa na wa chini, mbao nzito, komeo mbili, moja juu moja chini, zinafungwa kwa ndani. Makuti hayazuii mtu, kwa hivyo msihangaike nayo, zuieni pale mtu anaposhuka.

Na kitu kimoja kwa watu wa mji mkongwe wa Lamu, msiniite nije nitoboe ukuta wa zamani niweke simiti. Zile kuta ni mawe na chokaa, simiti inafungia unyevu na chumvi ndani na ukuta unaanza kumomonyoka, kazi ya pale inajengewa na chokaa. Halafu mji ule uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, mlango wa nje au dirisha usibadilishe kabla hujaongea na watu wa Makumbusho ya Taifa.

Mama_wa_Shela:
Bi Langoni mamangu, kuhusu dhahabu nikwambie. Ile ambayo huvai mwaka mzima haina kazi nyumbani, benki nyingine zina huduma ya kuhifadhi vitu, ulizia yako. Ikibidi ikae nyumbani basi isikae chumba cha kulala, hapo ndipo mwizi anaanza, kabati, droo, godoro, mikoba, kwa mpangilio huo huo. Na zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, kila mtu anazijua jamani, hata mgeni anapiga picha nazo.

La maana zaidi, piga picha kila kipande juu ya karatasi nyeupe, pande zote, na ile alama iliyochongwa. Mpelekee sonara akupimie uzito akuandikie. Risiti usiziweke sanduku moja na dhahabu! Kwa sababu siku ikipatikana kwa sonara mwingine utaulizwa "utajuaje ni yako" na kila mwanamke ana bangili.

Na tuache kuposti. Leo uko harusini status imejaa, kidani kinaonekana, mahali panaonekana, saa inaonekana, ukoo mzima uko pale. Nyumbani kumebaki nani? Posti kesho yake ukisharudi.

Bi_Langoni:
Maneno hayo. Na harusi si peke yake, hata tarawehe. Kila mtu anajua Ramadhani baada ya Isha nyumba ni tupu, waume msikitini, wanawake msikitini, watoto wanacheza ndiani. Wevi wana kalenda kuliko sisi. Siku za Maulidi ndio zaidi, mji umejaa wageni, humjui nani ni nani. Kwetu tumepangiana, kila usiku nyumba moja mtu mzima anabaki anasali nyumbani, taa zinawashwa na redio inasoma.

mchunga_vila:
Mimi nachunga nyumba ya Mtaliano njia ya Casuarina, naongezea. Mvua za mwezi wa nne mpaka wa sita wenyewe wako kwao, hoteli nyingi zimefungwa, vijana hawana kazi na nyumba ziko tupu. Wizi wa vila hauanzi ukutani. Unaanza kwa mtu anayekuja kuuliza maji, anayeuza samaki kila siku akijua huli, fundi wa bwawa ambaye hujampigia. Wanataka kujua mbwa yuko au amekufa, askari analala saa ngapi, taa ya nje inawashwa na mtu au inajiwasha. Taa ya sensa ya sola ni nzuri lakini iweke juu mtu asiifikie, na usiielekeze kwenye miti, upepo ukivuma inawaka usiku kucha mpaka hakuna anayeangalia tena.

Kamera pia, wengi wananunua kamera nne na ile mashine inayorekodi wanaiweka chini ya tivii. Mwizi anaondoka na tivii na mashine pamoja, ushahidi wote kaubeba mwenyewe 😂. Ifiche, au ile inayotuma picha kwenye simu, lakini stima ikikatika na intaneti inakatika, kwa hivyo weka na betri.

Na kuajiri askari, sheria ya mwaka 2016 ya ulinzi binafsi inataka awe amesajiliwa. Ulizia. Na mlipe kwa wakati, askari ambaye hajalipwa miezi ukamwachia nyumba nzima, hapo umejitafutia.

Nahodha_Matondoni:
Sisi wa bahari hamjatutaja. Kwetu kinachoibiwa ni injini ya boti. Unalala na mashua iko pwani, asubuhi mashua ipo, injini imeshafika mbali. Beba bega uende nayo nyumbani kila jioni, nzito ndio lakini utafanyaje. Na ile namba ya injini iandike mahali, ipige picha. Mimi nimechonga na alama zangu sehemu ambayo haionekani mpaka ufungue kifuniko.

Halafu mchunga vila, nani alikwambia mbwa? Mimi nafuga bata bukini. Mtu asiyemjua akipita usiku wanapiga kelele mtaa mzima unaamka. Kanga pia wazuri lakini hao wanapiga kelele hata kwa jani likianguka.

kijana_wa_muyeye:
Mimi naona haya yote ni kupoteza pesa. Dawa ya mwizi ni moja, akishikwa achomwe tu, wengine wataona.

Wakili_Mtaani:
@kijana_wa_muyeye hapana ndugu yangu, hilo usiliandike hata kwa mzaha. Mtu akifa mikononi mwa kundi hiyo ni kesi ya mauaji, na waliosimama wakipiga picha ndio ushahidi unaanzia kwao. Na mara ngapi imekuwa ni mtu aliyepotea njia, mgonjwa wa akili, au mtoto wa jirani aliyekuja kuonana na binti.

Sheria yenyewe si laini. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 304, kuvunja nyumba mchana ni kifungo mpaka miaka 7, usiku mpaka miaka 10. Na usiku kisheria unaanza saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hata kusukuma dirisha lililorudishiwa tu au kuinua komeo ni kuvunja, si lazima kitasa kipasuke. Wanaopenda simu za bei ya kutupa nao wasikilize, kifungu cha 322, kupokea mali ya wizi, ni mpaka miaka 14. Anayenunua anaweza kufungwa kuliko aliyeiba!

Ukiibiwa usifagie. Najua kina mama, wageni wanakuja kutoa pole unataka nyumba iwe safi, lakini acha vilivyo, usishike dirisha, piga picha, nenda kituoni uandikishe, pata namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Bila hiyo namba hupati abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuthibitisha uliripoti, na bila abstrakti hata bima haikusikilizi.

Na simu ikiibiwa haraka yako ya kwanza iwe ni laini, azima simu ya jirani upige kampuni wafunge laini na pesa zilizomo. Mwizi akiichomoa laini akaiweka kwenye simu yake anaweza kupokea meseji za siri za benki. Weka PIN ya laini yenyewe, si ya skrini peke yake, watu wengi hawaijui hii. Na bonyeza *#06# leo, andika ile IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kwenye daftari, usiihifadhi ndani ya simu hiyo hiyo.

kijana_wa_muyeye:
Sawa wakili nimesikia. Ni hasira tu. Wengi wao ni mateja, watumiaji wa unga, tunawajua mpaka kwa majina.

Mama_wa_Shela:
Unawajua, basi mmoja ni mtoto wa mtu. Kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha unga, ipo hospitali ya Malindi tangu 2015, nimeona kwa macho yangu vijana waliokuwa wanaiba sufuria leo wana kazi. Kumshika mkono umpeleke ni rahisi kuliko grili ya nyumba nzima. Na ile Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulindana, iliyoanzishwa 2013, kwetu imebaki kikundi cha WhatsApp cha kutumiana dua za Ijumaa. Mlioko kwenye vikundi hivyo wekeni namba ya mzee wa mtaa, namba ya kituo, na mkubaliane nani anatoka nani anabaki mtu akipiga kelele.

Bi_Langoni:
Fundi swali la mwisho. Mume wangu anataka tuweke grili kila dirisha na kofuli kila grili. Mimi naogopa moto. Ule moto wa 1982 wazee wetu bado wanausimulia, na makuti yanavyoshika.

Fundi_Barani:
Bi Langoni, mwambie mzee una haki, na nashukuru umeuliza kwa sababu nilisahaulishwa na habari za bata. Kila chumba cha kulala grili moja iwe ya kufunguka, ina bawaba zake na kofuli yake kwa ndani. Ufunguo unatundikwa chumba hicho hicho, msumari wake mmoja usiohama, kila mtoto anaujua gizani. Sasa hapa ndipo ule ufagio wa buibui unarudi kazini, msumari uwe mahali mtu wa ndani anafika kwa hatua mbili na fimbo ya nje haifiki, mfano ukuta ule ule wa dirisha lakini pembeni kabisa, fimbo haiwezi kukunja kona. Halafu siku moja jioni zimeni taa mjaribu na watoto. Grili ikiwa inakwama kwa kutu utajua siku hiyo.

mchunga_vila:
Fundi na geti la chuma linaloburura chini, limekatika bawaba ya chini kwa kutu, linawekwa kiraka au ni jipya?

Fundi_Barani:
Inategemea na nguzo. Igonge kwa nyundo kuanzia chini kwenda juu, ikilia mlio mzito mpaka juu ya bawaba basi nguzo imeoza ndani, kiraka nitakula pesa yako bure. Kama ni chini tu nakata kipande naunga kingine, na nakuinulia geti kidogo lisiguse maji. Usikubali mtu akuwekee bawaba za kuinua geti likatoka lenyewe bila kuziba juu, hiyo nimeikuta kwenye mageti makubwa makubwa ya njia yenu hiyo hiyo, wanaume wawili wanalinyanyua wanaliegesha pembeni. Nitumie picha inbox, stima imerudi sasa naenda kumalizia kazi ya watu.